Kisu Nilichokiweka Chini

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi, na kitinda mimba wetu niliyemlea tangu hajaota meno na ambaye sasa anasoma chuo kikuu kule Kensington, askari wawili, mmoja mwanamume mwenye ndevu nyekundu, mwingine msichana ambaye sare yake ilikuwa bado na mikunjo ya dukani, mzee wa chama chetu cha wakusanya visu, aliyekuja na gari kutuchukua, na mama mmoja mwenye kigari cha mtoto, simjui, aliyesimama pembeni akirekodi kila kitu kwa simu. Mdogo wangu wa kiume hakuwepo. Nasema hivyo kwa sababu hupenda kusimulia habari hii kama mtu aliyekuwepo, na yote anayosimulia ameyatoa kwenye simu ya yule mama mwenye kigari.

Ilikuwa Jumamosi, na kama Jumamosi nyingi za mji huu wa ugenini, reli ilikuwa inatengenezwa. Treni ilitushusha katikati ya safari, tukaambiwa tuendelee kwa mabasi. Mzee alikuwa amenipigia simu asubuhi. "Usihangaike na mabasi," alisema. "Nitakuja kuwachukua stesheni. Leo wewe ndiye mgeni wa heshima." Maonyesho ya chama yalikuwa Penrith, ukingoni mwa mji, katika ukumbi tunaoukodi karibu na mto. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimepewa meza yangu mwenyewe, na nilikuwa nimekubali kusimama mbele ya watu na kueleza habari za kisu kimoja tu, kisu alichokifua baba yangu.

Kisu kilikuwa kimeviringishwa kitenge, kitenge kimefungwa kamba, na vyote vimo ndani ya boksi la plastiki la chakula, chini kabisa ya mkoba wangu. Chama hutufundisha hivyo: kifungwe vizuri, kisifikike upesi, na uende nacho moja kwa moja unakokwenda.

Askari walikuwa wamesimama mlango wa kutokea na kifimbo cha kupimia chuma. Siku hizi wana ruhusa ya kumsimamisha abiria yeyote na kumpitishia kifimbo hicho, hata kama hawamshuku kwa lolote. Yule msichana alinipitishia mabegani na mbavuni, akafika kwenye mkoba, kifimbo kikalia.

"Kuna nini humo?"

"Kisu," nikasema.

Kitinda mimba akashika kichwa. "Dada," akaninong'oneza kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha anayoogopea, "si ungeanza na maonyesho?"

"Kisu cha nini?" askari akauliza.

"Cha maonyesho. Nakwenda kukionyesha Penrith."

"Nipe."

Nikafungua boksi, nikafungua kamba, nikakunjua kitenge. Kisha nikainama, nikakilaza kisu sakafuni, mpini ukimwelekea yeye, nikarudi nyuma.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwangu halikuwahi kuhitaji maelezo. Kwetu kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono. Aliye nacho hukiweka chini, au mezani, au juu ya jiwe, huondoa mkono wake, ndipo mwenzake hukiokota. Mkipokezana mkononi mtagombana. Si lazima leo, lakini ugomvi utakuja. Mama alinichapa mkono kwa kosa hilo nikiwa mdogo sana. Sijawahi kukaa nikajiuliza kama naamini au siamini. Mkono wangu ndio unaoamini.

Yule mwenye ndevu akapiga kelele. "Rudi nyuma! Nyuma! Mikono niione!" Mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshika kitu kiunoni. Watu wakatawanyika, mama mwenye kigari akainua simu. Na kitinda mimba wetu, ambaye hakuna aliyemwambia chochote, akainua mikono juu, begi la vitabu likiwa mgongoni. Nikasimama pale namtazama mtoto niliyemlisha uji kwa kidole, mikono juu, katikati ya stesheni. Hasira iliyonipata haijapoa hadi leo.

"Umesema nikupe," nikamwambia msichana. "Nimekupa."

"Umekichomoa hadharani, ukakitupa," akasema mwenye ndevu.

"Sikukitupa. Nimekiweka."

"Kwa nini hukumpa mkononi?"

"Kwa sababu sitaki kugombana naye."

Maneno hayo ukimwambia askari kwa Kiingereza hayapendezi. Nilijua hivyo yalipokuwa yananitoka.

Ndipo mzee akatokea ngazini akihema, amevaa fulana ya chama. Aliona kisu sakafuni, akaniona mimi, akaelewa upesi kuliko wote. "Huyu ni mgeni wetu!" akasema. "Ana meza ukumbini! Jina lake tumelibandika mlangoni!"

"Mzee, kasimame kule."

"Kule wapi? Nitasimama hapahapa. Nimelipia maegesho."

Kitinda mimba alicheka kicheko cha woga, akashusha mikono. Msichana akavaa glavu, akaokota kisu, akakitia ndani ya mfuko wa plastiki. Niliangalia jambo moja: hakikupita mkono wangu kwenda wake. Hata hivyo ugomvi ulikuwa umeshaanza.

Mwenye ndevu aliposikia maelezo ya mzee, sauti yake ilishuka. Hakuwa mtu mbaya. Akanieleza kwamba ninaweza kulipa faini na mambo yakaishia hapo, au nikatae na niende mahakamani.

"Nikilipa, kisu napewa?"

"Hapana. Kisu kitabaki kwetu. Kitaharibiwa."

"Basi silipi," nikasema.

Baba yangu alikuwa mhunzi. Alitoka Burundi na nyundo mbili na koleo, akafika nazo kambi ya wakimbizi Kigoma, akajenga tanuru dogo la udongo nyuma ya kibanda chetu. Chuma alikipata kwenye malori yaliyoleta chakula, kwa maana barabara ile ilikuwa ikivunja springi za malori kila msimu wa mvua, na madereva waliziacha zilipovunjikia. Kisu hiki alikifua kwa springi kama hiyo. Si kizuri. Ubavuni kina mabonde ya nyundo, na mpini wake wa sasa ni wa tatu. Lakini hushika makali kwa namna ambayo sijaiona kwa kisu kingine, na nimeshika vingi.

Mama alifariki siku chache baada ya kumzaa kitinda mimba. Mvua zilizofuata baba akaugua kifua, akamfuata. Nilikuwa darasa la sita. Darasa la saba sikuliona. Nyundo, koleo na mivukuto viliuzwa kumtibu, kikabaki kisu, na sisi watatu.

Kambini kisu kikali hakikuwa kitu cha kila nyumba. Mtu akitaka kuchinja mbuzi, au kuna harusi na ndizi za kumenya ni nyingi, alituma kwetu. Sikukodisha kwa pesa, nani alikuwa nayo? Kisu kilirudi na kipande. Kama kimechinja, kinarudi na nyama kidogo au utumbo. Kama kimemenya, kinarudi na ndizi au nusu ya boga. Mimi kazi yangu ilikuwa kukinoa, nisiache hata siku moja mtu akasema kisu cha wale yatima kimekuwa butu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akisimama njiani kukingojea kisu, kama watoto wengine walivyosimama kumngojea baba yao.

Hicho ndicho walichotaka kukiharibu.

Jioni ile mdogo wangu wa kiume alifika kwangu Villawood moja kwa moja kutoka kazini. Anaendesha foklifti kwenye ghala la mtaa wa nyuma, na alikuwa bado na fulana yake ya kung'aa. Simu ilimtangulia mkononi.

"Dada, umekuwa staa! Watu wameshakutazama mpaka Kigoma."

"Weka hiyo simu, ule."

"Lakini Dada, ungempa tu mkononi. Si ugomvi umekuja hata hivyo?"

Tukacheka wote, mimi kuliko wao. Kisha akaisukuma sahani pembeni, nikajua kicheko kimekwisha.

"Maombi yangu ya uraia yako mezani kwa watu," akasema. "Jina letu likionekana mahakamani?"

"Litaonekana langu, si lako."

"Ni jina moja, Dada. Acha niilipe hiyo faini mimi. Nitailipa sasa hivi, hapa kwenye simu. Kisu tutaita bahati mbaya."

"Ukilipa," nikamwambia, "umekubali mbele yao kwamba dada yako alipanda treni na kisu kwa nia mbaya. Ndiyo maana ya kulipa. Ukishakubali hivyo, usije kula hapa."

Aliirudisha simu mfukoni. Si mtu wa kunijibu nikisema kwa sauti hiyo, ingawa ana ndevu na watoto. Aliyezungumza ni kitinda mimba, aliyekuwa kimya tangu stesheni.

"Kwa nini uliweka chini?" akauliza. Safari hii aliuliza kwa Kiswahili, kwa kujikwaa kidogo.

"Unaniuliza nini? Kisu huwekwa chini."

"Jikoni pia huwa unaweka mezani, halafu mimi nachukua. Nilidhani ni tabia yako tu. Nilidhani unapenda vitu viwe na utaratibu."

Nikatazamana na mdogo wangu wa kiume. Miaka yote hiyo nilimlisha, nikamvika, nikamsukuma shule mpaka akavuka mahali nilipoishia mimi na kuendelea, na sikuwahi kumwambia neno hilo moja la mama. Nilikuwa nimemfundisha mkono wake tu. Nikamweleza pale mezani, na kaka yake akaongeza chumvi kama kawaida yake: kwamba kulikuwa na ndugu wawili kambini waliopokezana kisu wakakata urafiki hadi kufa. Uongo mtupu, lakini nilimwacha.

Watu huniuliza, hasa wa kanisani kwetu, mwanamke mzima na akili zake anakusanya visu vya nini. Akina mama wa kwaya huniita Dada wa Makali. Nilianza bila kukusudia, baada ya sisi watatu kuhamishiwa huku kutoka kambini. Nafanya kazi jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee, na siku za mapumziko nilikuwa nikienda kwenye masoko ya vitu vya mitumba. Wengine hununua vikombe. Mimi niliona visu vilivyolika: cha kukatia mkate kilichobaki chembamba kama jani la mtete, cha samaki chenye mpini wa mfupa, cha mkata miwa, cha mchunaji kondoo ambacho dole gumba la mtu limechimba shimo kwenye mpini. Nilikuwa namuuliza muuzaji, "Kilikuwa kikikata nini?" Akijua, nanunua. Asipojua, mara nyingine nanunua vilevile nikajaribu kusoma mwenyewe kwa jinsi kilivyolika.

Muuzaji mmoja ndiye aliyenielekeza kwenye chama. Siku ya kwanza nilipoingia ukumbini na kitenge changu, bwana mmoja aliniambia kwa upole, "Mapishi ni ukumbi wa pili, mama." Nikamjibu, "Ndiko nitokako. Wamenituma nije kuwaangalia." Mzee alicheka mpaka akakohoa, akanivutia kiti. Tangu siku hiyo naketi karibu naye.

Chama kile kinapungua kila mwaka, na hakipungui kwa kifo peke yake. Kijana akichomwa kisu mahali fulani mjini, nasi huumia kama watu wengine, kisha sheria mpya hutoka. Na ikitoka hutufikia sisi kwanza, maana sisi ndio rahisi kupatikana. Tuna ukumbi, tuna bango, tuna siku ya mkutano inayojulikana. Kijana anayeficha kisu kwenye suruali hana chama. Dukani visu vimefungiwa kwenye kabati la kioo. Juzi nilitaka kisu cha kumenyea karoti tu. Muuzaji alikwenda kutafuta ufunguo, akakitoa, akanikatalia nisikishike, akatembea mbele yangu mpaka kwa keshia amekibeba kwa mikono miwili kama anayepeleka sadaka. Mimi nyuma yake, mwanamke wa makamo, nimefuata karoti. Mwenzetu mmoja alikuwa akija na binti yake anayependa visu vya kuchongea mbao. Sasa binti hawezi kununua hata kimoja, umri haujamruhusu, na baba yake anaogopa kumbebea njiani. Wote wawili hawaji tena.

Na asitokee mtu wa kunifundisha mimi kisu kinaweza kufanya nini. Wazazi wangu walivuka mpaka usiku kwa sababu ya mapanga. Nimekua kati ya watu wenye makovu shingoni. Ninajua, kuliko hao waliotunga sheria, chuma hufanya nini kikiwa mkononi mwa mtu aliyeamua kuua. Na kwa kuwa najua, ndiyo sikubali kuhesabiwa pamoja naye. Kilichotulisha yatima watatu hakiwezi kuitwa silaha kwa sababu tu kimepita stesheni.

Mahakamani nilipewa wakili wa bure, kijana mwenye haraka, mafaili kwapani. Alinivuta pembeni kwenye korido.

"Kubali kosa," akasema. "Huna rekodi ya makosa. Unafanya kazi, umelea familia. Hakimu atakuachia bila hata hatia kuandikwa. Saa sita utakuwa nyumbani."

"Na kisu?"

"Kisu sahau."

"Nikisema si kosa?"

Alishusha mafaili kwenye benchi. "Basi itabidi tuthibitishe kwamba ulikuwa unakwenda kwenye maonyesho ya kweli, yaliyoandaliwa, si hadithi. Tutahitaji shahidi. Na ukishindwa, kisu kimekwenda na rekodi imeandikwa. Unaelewa? Unaweka vyote viwili rehani kwa ajili ya kimoja."

"Nimeelewa," nikasema. "Tafuta shahidi."

Hakuhitaji kutafuta. Mzee alikuwa ameketi mwisho wa benchi lilelile, amenyoa, amevaa tai.

Kesi ilisikilizwa siku nyingine. Yule mwenye ndevu alisimama akaeleza mambo kama yalivyokuwa, bila kuongeza: kwamba nilikitoa kwenye kitenge, nikakiweka chini, nikarudi nyuma. Nilipoitwa mimi, walinipa mkalimani kwa simu, mwanamke wa Mombasa. Nilipofika kwenye kupokezana, sikumaliza sentensi. Nilimsikia akivuta pumzi upande wa pili, kisha akaieleza mahakama kwa Kiingereza kirefu na kizuri kuliko nilichosema mimi, na kwa jinsi alivyosema nilijua kwamba hata kwao mama zao huwachapa mikono. Hakimu, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, aliandika kwa muda.

Kisha mzee akaitwa. Akaapa. Akaeleza maonyesho: ukumbi, meza, watu wanaokuja, jinsi tunavyosafirisha visu. Alieleza vizuri, mpaka mwendesha mashtaka akainuka na kumuuliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Na wewe mwenyewe, siku hiyo, meza yako ilikuwa na nini?"

Mzee alimtazama hakimu. Hakimu akavaa miwani, akamwambia si lazima ajibu swali ambalo linaweza kumtia yeye mwenyewe hatiani, na kwamba anaweza kuzungumza na wakili kwanza.

Nilikuwa nimeketi karibu kiasi cha kuona mkono wake kwenye ukingo wa kizimba. Nilijua alichokuwa nacho mezani. Wote chamani tunakijua. Kisu cha babu yake, kinachofunguka chenyewe kwa springi ukibonyeza. Babu yake alirudi vitani na mkono mmoja, na mtu wa mkono mmoja hawezi kufungua kisu cha kukunja cha kawaida. Kisu cha namna hiyo hakiruhusiwi siku hizi bila kibali. Mzee alikuwa nacho kibali kwa miaka mingi. Kiliisha muda wakati mke wake yuko hospitali, na katika kwenda na kurudi hakukumbuka kukihuisha.

Angeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa wazi, hakimu mwenyewe ameufungua. Lakini angenyamaza, maonyesho yetu yangenuka mbele ya mahakama, na kisu changu kilikuwa kimesimama juu ya maonyesho hayo.

"Nimeapa," mzee akasema. Akaeleza kisu cha babu yake, mkono mmoja, springi, na kibali kilichokwisha. Alisema yote kwa sauti ileile aliyotumia kueleza meza na viti.

Mwendesha mashtaka alikaa. Nadhani hata yeye hakufurahi.

Hakimu alisema maonyesho yalikuwa ya kweli, na kwamba kwenda huko ni sababu ambayo sheria yenyewe inaitambua. Akasema kuweka kitu sakafuni na kurudi nyuma si tendo la mtu anayetisha. Nirudishiwe kisu. Nyuma yangu mtu alipiga makofi mara moja akanyamazishwa. Nikageuka. Mdogo wangu wa kiume, aliyeapa hatakanyaga mahakamani, alikuwa ameketi safu ya mwisho amevaa suti yake ya kanisani.

Nilikichukua kituo cha polisi, ambako karani yuko nyuma ya kioo kinene. Alikitia kwenye droo ya chuma, akaisukuma upande wangu, nikakiokota. Mama angeridhika.

Kabla hata ya mkutano wetu uliofuata, polisi walifika nyumbani kwa mzee, Penrith. Walikuwa na adabu, mke wake aliniambia, walipangusa viatu mlangoni. Wakachukua kisu cha babu yake na kumwachia wito wa mahakama.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Alinipokea langoni, kwenye ua wake wenye malimau, akanikaribisha jikoni. Mke wake alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, shali mabegani.

"Ungeweza kunyamaza," nikamwambia.

"Ningenyamaza wangesema tunaficha kitu. Wewe ndiye ungeumia."

"Sasa umeumia wewe."

"Mimi nina visu vingine, rafiki yangu. Wewe una kimoja cha baba yako."

"Na wewe ulikuwa na kimoja cha babu yako."

Alikwenda kujaza birika ambalo lilikuwa limejaa.

"Nitakubali kosa," akasema akiwa amenipa mgongo. "Kwangu mambo yako wazi. Kibali kiliisha. Nimechoka kubishana na watu wenye umri wa wajukuu zangu."

"Anasema hivyo tangu waje," mke wake akasema. "Mimi nimemwambia ni mwoga."

"Kubali kosa la kibali," nikamwambia. "Hilo ni kweli, likubali. Lakini kisu usikubali. Waambie unakitaka. Uombe kibali upya, na uwaombe wakiweke kisu mpaka kibali kipatikane. Wakikataa, wakukatalie kwa mdomo wao mbele ya watu. Usiwarahisishie. Na mimi nitasimama kueleza wewe ni nani."

Aligeuka. "Unajua watakachokuuliza."

"Najua."

"Watakuuliza una nini kwenye droo zako."

"Acha waulize."

Mdogo wangu wa kiume aliposikia, alikuja Villawood akamwaga visu vyangu vyote juu ya meza ya jikoni, akavichambua kimoja kimoja. Kuna kimoja nilikinunua sokoni zamani, cha mvuvi, ambacho hufunguka kwa kukigusa na kidole. Sijui sheria ya sasa inakiita nini. Kila ninayemuuliza ana jibu lake.

"Hiki kitupe, Dada. Kitupe mtoni leo. Halafu nenda kaape."

"Nitupe, halafu niape kwamba sina?"

"Hutakuwa nacho! Utakuwa unasema kweli!"

"Yeye hakutupa."

"Yeye ni mwenyeji! Yeye ni mzee, ana malimau, hakuna atakayemfanya kitu. Wewe je? Dada, na wakikuuliza?"

"Wakiniuliza nitawaambia. Hiki, na hiki, na hiki. Kilikata nini, nilikipata wapi. Wakitaka kukichukua, wakichukue wakijua walichochukua."

Alinitazama, kisha akaanza kuvirudisha visu kwenye droo. Kila kimoja alikiweka kwanza juu ya meza mbele yangu, akaondoa mkono, akaningoja nikiokote.

Kesi ya mzee haijaitwa. Imeahirishwa, kisha ikaahirishwa tena. Kisu cha baba kipo kwangu, cha babu yake kipo kwenye kabati la polisi, naye bado hunivutia kiti ukumbini kama vile hakuna lililotokea. Mimi nadaiwa kiapo kimoja, na bado sijakilipa.